Gitaa lilikuwa halijafika

Leo siku ya 11 na bado natembea na sentensi moja niliyoambiwa na mtoto.

Nimeingia Dar jana usiku kutoka Njombe. Mgongo umekakamaa, nguo zote kwenye begi zinanuka moshi wa kuni, na kwenye daftari la safari kambi 6 za watoto ninazopigia gitaa zimeshapigwa mstari, zimebaki 2 kabla shule hazijafunguliwa. Nilipanga nikifika niandike habari za barabarani: foleni ya malori pale Kitonga, kondakta aliyenilazimisha nilikatie gitaa tiketi yake lenyewe, wanyama wa Mikumi (nililala kama kawaida yangu, nikaja kuhadithiwa). Nimekaa tangu asubuhi. Kila nikishika kalamu namwona yule mtoto na kikombe chake cha uji.

Ilikuwa Lushoto. Kambi ilianza Jumatatu, na mimi nilitakiwa niwepo Jumatatu, ila basi likatufia kabla ya Segera na fundi akaja na spana ambazo sizo. Nikafika Jumanne alasiri. Kutoka Mombo nilipanda Noah, tukapakiwa watu 11, gitaa nimelipakata kama mgonjwa, kona zile mnazijua. Usiku nikapiga. Niliona nimepiga vizuri, mniamini. Watoto waliruka mpaka vumbi la sakafuni likawa linaonekana kwenye taa.

Jumatano asubuhi, saa 1 hivi, baridi imekaba, nimekaa kwenye ngazi za bweni nimejifunga shuka la Mama Nuru. Akaja. Miaka 11, labda 12. Sweta la shule, kikombe cha plastiki cha kijani.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Juzi tuliimba vizuri sana." Akapuliza uji. "Gitaa lilikuwa halijafika."

"Asante," nikasema.

Asante! Mtu anakwambia hivyo, na wewe unashukuru. Yeye akanywa uji wake, akaenda zake kwa wenzake wanaoosha sahani, na mimi nikabaki pale kwenye ngazi nikimshukuru hewani.

Sasa ninachohangaika nacho ni kule kupuliza. Angesema "maana gitaa lilikuwa halijafika," ningejua nimepigwa, ningelia kidogo, ningeendelea na maisha. Angesema "pole, gitaa lilikuwa halijafika," ningejua ananionea huruma kwa kukosa raha ya Jumatatu. Hakusema hili wala lile. Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili palikuwa na uji wa moto tu. Nimeirudia kwenye basi, nimeirudia bafuni, nimeirudia katikati ya mahubiri ya mtu Iringa mpaka nikakosa kuingia kwenye pambio la kufunga.

Mama Nuru anasema mtoto alikuwa anapiga stori tu, kama unavyosema mvua ilinyesha, kuku akataga. Nuru mwenyewe nilimuuliza kwa simu. Hakuwaza hata kidogo. "Baba, amemaanisha uliwaharibia." Halafu akaomba hela ya rangi za maji.

(Wiki hiyohiyo mwenzetu Besi alituaga, amepata hoteli Zanzibar, na Baba ametolewa mtoto wa jicho la kulia, anaona vizuri, jambo la kwanza alilosema ni kwamba Mama amezeeka. Nitaandika siku nyingine.)

Nilijitetea sana kichwani. Utetezi wa kwanza ulikuwa baridi. Nyuzi za chuma ukizitoa kwenye joto la Dar ukazipeleka Lushoto mwezi wa sita, zinakaza na sauti inapanda. Ukiingia nazo ukumbini, watoto 240 wanapumua na kuruka, joto linarudi, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Usiku ule nilityuni mara 4. Ni kweli kabisa, na wapiga gitaa wenzangu mtaniunga mkono.

Ila ukweli mwingine ninyi wapiga gitaa mnaujua pia. Watoto wakianzisha wimbo bila chombo hawamwulizi mtu kii, yaani sauti ya kuanzia. Mwanzilishi anaudaka pale koo lake lilipoamkia siku hiyo, akiwa na furaha anaudaka juu zaidi, na kazi yako wewe ni kumfuata. Unautafuta kwa kidole kimoja taratibu, ukiupata unabana kapo (kibanio cha shingoni mwa gitaa cha kupandisha sauti), unaingia kwa adabu kama mgeni aliyechelewa msibani. Nimefanya hivyo miaka 14. Usiku ule nilikuwa nimechoka, makalio yamekufa ganzi kwa Noah, sikumfuata mtu. Nilipiga kwenye kii yangu ya kila siku, G, kwa sauti kubwa, nikawasubiri waje. Wakaja. Watoto wana heshima.

Hayo nilikuwa nayajua tangu usiku uleule, ndiyo maana nasema yule mtoto hakuniambia jambo geni.

Sasa Ijumaa tumesimama Makambako, dereva anatafuta abiria wa kujaza viti vya nyuma, simu ikalia. Matroni wa Lushoto, na "Mungu akubariki mtumishi" yake ya kawaida (nauli ya kurudi bado, lakini baraka zimefika zote), akaambatanisha sauti. Kambi, Jumatatu usiku. Sekunde 52.

Nilikaa nayo kwanza. Nikanunua karanga. Nikaifungua.

Mwanzilishi ni yeye. Sauti ileile iliyosema shikamoo anko, sasa imefunguliwa yote, haina hata tone la aibu. Anaushika mahali fulani kati ya A na B flati, mahali ambapo gitaa langu halina nyumba. Makofi yanaingia, wengine wanaitikia, kawaida tu. Halafu, kabla ya kiitikio, ananyamaza. Wote wananyamaza. Sekunde 2 nzima, mmoja anakohoa kwa mbali, na hakuna aliyehesabu wala kunyoosha mkono, wanamsubiri yeye. Akivuta pumzi tu, wanadondoka wote kwa pamoja kama mvua juu ya bati.

Nikakumbuka usiku wa Jumanne nilifanya nini mahali palepale. Palikuwa na nafasi tupu, nikaona hawa watoto wamesahau. Nikapachika kasebene. Tena kazuri, kale ninakokapiga bibi harusi akiingia.

Nilidhani nitaona aibu, kumbe nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mama niliyekaa naye, aliyebeba ndoo ya parachichi magotini, akanigeukia kutaka kujua. Sikuwa na namna ya kumweleza, nikampa kisikilizio kimoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto Mungu kampa," akasema. Akaliangalia gitaa lililokaa kwenye kiti chake cha kulipiwa. "Sasa mbona gitaa silisikii?"

"Lilikuwa halijafika," nikamjibu.

Njiani hadi Njombe nilikuwa na furaha ambayo sijui niiite nini. Niliirudia ile sauti labda mara 20, na nikafanya kama fanani yeyote mwenye akili timamu angefanya, nikaamua kuiba. Kambi ya Njombe, Jumamosi usiku, wimbo uleule. Nikawaelekeza watoto: tukifika hapa, kimya, mkisikia nimegonga mwili wa gitaa tunaingia. Wakaitika wote ndiyo anko. Tukaanza. Tukafika. Nusu wakanyamaza, nusu wakaendelea, wa nyuma wakadhani umeme wa spika umekatika wakageuka kuangalia, nikagonga gitaa mapema, na kijana mmoja mnene wa pembeni akaingia peke yake kwenye kiitikio, macho kayafumba, kwa imani yote, akaimba mstari mzima kabla hajagundua. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Patroni alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Tulirudia mara 3, kila mara vibaya kuliko mwanzo, na hakuna aliyetaka tuache.

Kile kimya hakikuja. Sidhani kama kinaelekezeka.

Na bado sijajua alimaanisha nini. Jana usiku nikiwa nimelala nimeipata tafsiri ya tatu: labda alikuja kunikaribisha. Labda hivyo ndivyo watoto wa kule wanavyomkaribisha mgeni, wanamweleza yaliyopita asiachwe nyuma. Mama Nuru akaniambia nizime taa.

Kesho kutwa naondoka tena, Morogoro, safari hii kwa treni, gitaa nitaligombania hukohuko. Kapo nimeshaweka mfukoni.

Lakini asubuhi hii nilipotoka kupiga mswaki nimeuangalia mnara wa simtanki. Ile nguzo ya upande wa choo, ambayo fundi alisema ni mkaratusi mkavu haitaoza, imeanza kutoa unga chini, ukibonyeza kwa kidole kinaingia. Mama Nuru alijaza tanki juzi maji yalipotoka. Lita 1,000 ni kilo 1,000, na Nuru kwa kutafuta kivuli huwa anakaa palepale chini na rangi zake. Nimemhamishia mkeka upande wa mlango. Fundi nimempigia mara 3, hapokei.