Lufufu wa mtaa wa Liberty

Jumanne ndiyo siku yangu ya mapumziko. Wenzangu wa boksi, yaani kazi yetu ya kuhudumia wazee, wanajua kwamba kuanzia jioni hawanipati kwenye simu, na wapo wanaoamini nina mchumba. Sina. Nina sinema.

Naishi Ann Arbor, Michigan, mji wa chuo kikuu ulioko magharibi ya Detroit. Wengi wakiutaja wanataja mpira wao ule wa kukumbatia, maana uwanja wa chuo unaingiza watu zaidi ya 107,000, na Jumamosi ya mechi hata kwenda kununua maziwa ni safari. Mimi mji huu nimeujulia mtaa wa Liberty, ambako majumba mawili ya sinema yako hatua chache tu moja kutoka jingine: Michigan Theater, na State iliyo mtaa wa State unaokutana na Liberty pale pale. Yote mawili yanaonyesha picha ambazo kule kwenye majumba makubwa ya pembezoni huzioni: za Kikorea, za Kifaransa, za Kiajemi, na za Wamarekani wenyewe waliotengeneza kwa fedha za kuungaunga.

Siku ya kwanza niliingia kukimbia baridi. Ilikuwa Februari, basi limenipita, vidole sivisikii, na mbele yangu mlango umewaka balbu kama harusi ya Kariakoo. Tiketi iliniuma. Ilikuwa karibu sawa na saa nzima ya kugeuza wazee vitandani. Nikasema potelea mbali.

Ndani nikajiona nimeingia ikulu. Jengo ni la 1928, limenakshiwa dhahabu kila kona, na kabla ya picha kuanza kikatokea kitu ambacho sikukitarajia: kinanda kikubwa kinapanda taratibu kutoka chini ya sakafu, na mtu amekikalia anapiga! Kilifungwa humo enzi za sinema bubu, wakati picha hazina sauti na mpiga kinanda ndiye anayewaambia watu wacheke au walie. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jengo lilikuwa mbioni kugeuzwa maduka, na miongoni mwa waliolipigania ni hao hao wapenzi wa kinanda waliokuwa wakikikarabati kwa kujitolea. Nilivyosikia habari hiyo nikazidi kulipenda.

Picha ya siku ile ilikuwa ya Kiajemi. Dakika 20 zimepita, hajapigwa mtu hata kofi. Mume na mke wanabishana jikoni, na mimi bila kujijua nikasema kwa sauti: "Huyo anamdanganya!" Kiswahili kitupu. Safu nzima ikanigeukia. Shhh.

Jamani, mimi nimekulia Manzese. Sinema yangu ya kwanza ilikuwa kibanda umiza: shilingi 100 mlangoni, benchi la mbao, televisheni moja juu ya meza, joto la tanuri, na watu 60 wote wanaongea. Na picha zilikuwa za nani? Za Wachina, za Wahindi, za Wamarekani. Hakuna aliyejua Kichina mle. Alikuwepo Lufufu. Sauti yake imerekodiwa juu ya mkanda, anatafsiri, anampa adui jina la kwetu, anamcheka steringi akichelewa kurusha teke, akichoka kutafsiri anatunga yake na sisi tunaamini. Mpaka leo kuna picha ambazo hadithi yake ninayoijua ni ya Lufufu. Ya mwenye picha siijui.

Ndiyo maana hapa huwa nacheka moyoni nikisikia watu wanasema wanapenda "filamu za kigeni" kwa sauti ile ya mtu anayeonja mvinyo. Kwetu picha ya kigeni ilikuwa ya makuli na watoto watoro. Hapa ni ya maprofesa na wastaafu, na ikiisha hawaondoki, wanabaki kuulizana maswali nusu saa.

Zamani lakini ilikuwa vurugu hata hapa. Miaka ya 1960 na 1970 wanafunzi walikuwa na vyama vyao vya filamu, wanaonyesha kwenye kumbi za mihadhara kwa kiingilio kidogo. Mwaka 1967 polisi walivamia onyesho la chama kimoja wakaondoka na filamu ikiwa bado inaendelea, wakidai ni uchafu. (Kibanda chetu nacho kilivamiwa, ila walikuwa wanatafuta watoto waliotoroka shule. Mimi nilipitia dirishani.) Kisha ikaja mikanda ya video, watu wakabaki majumbani, vyama vikafa kimoja kimoja. Nikiwaza hapo nashangaa: video hiyo hiyo iliyowaua wao ndiyo iliyotuzaa sisi wa vibandani.

Kila Machi kuna tamasha la filamu za majaribio, lipo tangu 1963. Nimekwenda mara mbili. Kuna picha moja ilikuwa mikwaruzo mitupu kwenye utepe, dakika nyingi, haina mtu, haina hadithi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaenda kununua bisi. Sioni aibu kusema.

Halafu ukafika usiku wa Vuta N'Kuvute. Hii haikuwa Liberty, ilikuwa ukumbi mmoja wa chuo, kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma Kiswahili, na mgeni ruksa. Ni picha ya Amil Shivji ya 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi tuliyoisoma shuleni: Denge na Yasmin, Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Nilikaa kati ya wanafunzi, pembeni yangu mama mmoja mtu mzima, wa pale pale mjini.

Kiunguja kile kilipoanza kusikika, koo likanibana. Nikajikuta nacheka kabla ya wenzangu. Wao wanasubiri maandishi ya chini, mimi nimeshamaliza. Tena kuna mahali wao hawakucheka kabisa, maana watu wanasalimiana kwa madaha na mafumbo, na chini ya skrini limekuja neno moja kavu.

Tulipotoka, yule mama akanifuata hadi kituo cha basi. Akaniuliza pale nilipokuwa nacheka peke yangu kulikuwa na nini.

"Pale pa mwanzo, au pale pa polisi?" nikamuuliza.

"Pote," akasema.

Nikavua glavu, maana mikono lazima itumike, nikaanza na sauti ya Denge, kisha ya Yasmin. Nyingine niliongeza mwenyewe. Basi lake lilikuja likasimama, mlango ukafunguka, akampungia dereva aende.