Nilivyojiandaa Tanga kwa mashindano ya tenisi ya kulipwa Nairobi

Bibi yangu wa Ngamiani aliposikia kwamba nataka kuishi kwa tenisi, aliniuliza, "Mjukuu wangu, tajiri wako katika kazi hiyo ni nani?" Lilikuwa swali la msingi, kwa sababu mchezaji wa tenisi wa kulipwa hana tajiri wala mshahara. Analipwa kwa mechi anazocheza na kushinda, huku nauli, malazi, raketi na kocha vyote vikitoka mfukoni mwake. Katika ngazi ya chini kabisa ya wanaume, yaani mashindano ya M15, zawadi yote ni dola 15,000, na hizo hugawanywa kwa washiriki wengi. Bingwa hupata pointi 15 za orodha ya ubora wa wachezaji duniani, wakati bingwa wa Wimbledon hupata 2,000, na aliyeshinda mechi moja tu ya droo kuu, yaani hatua inayofuata mchujo, hupata pointi moja. Pointi hizo hufutika baada ya wiki 52, ndiyo maana mchezaji mdogo hawezi kukaa kwao akisubiri bahati.

Kwetu sisi wa Tanga, mashindano hayo ya karibu ni ya Nairobi. Mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa taji la wasichana wawili wawili pale Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, niliona kwamba njia inayoanzia Afrika Mashariki ipo na inapitika. Nilichohitaji ni fedha na maandalizi yanayofaa.

Fedha niliipata kwa kufundisha watoto alasiri huko Raskazone na kwa kusuka raketi, yaani kuzifunga nyuzi mpya. Kusuka ndiyo kazi iliyonifaa zaidi. Nilinunua mashine ndogo iliyotumika, ile yenye fimbo ya uzito: unafunga uzi, unaiachia fimbo ishuke taratibu, na ikitulia ikiwa imelala sawasawa na meza, basi uzi umevutwa kwa kilo ulizopanga. Nyuzi za wima huwa 16 katika raketi nyingi, na za mlalo 19, kila moja ikipita juu na chini ya zile za wima kwa zamu mpaka ncha za vidole ziwake moto. Wateja walikuwa wachache, lakini walilipa taslimu, nami nikawa nasuka zangu bila gharama ya fundi.

Maandalizi ya uwanjani yalinisumbua akili zaidi. Tanga iko usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo mpira haukawii njiani, unadunda juu zaidi, na hata ukiupa mzunguko mkali hauinami mapema kama unavyoinama huku pwani. Pigo ambalo Tanga linaangukia ndani ya mstari wa nyuma, Nairobi linaweza kutoka nje. Kwa kuwa hewa ya Nairobi haiwezi kuletwa Tanga, niliamua kurekebisha shabaha: niliweka koni hatua mbili ndani ya mstari wa nyuma na kuhesabu kuwa umetoka mpira wowote uliozipita. Raketi za safari nilizisuka kwa kilo moja zaidi ya kawaida yangu, kwa sababu nyuzi zilizokaza huurusha mpira kwa nguvu ndogo na kukupa udhibiti. Viwanja nilivyokuwa naviendea vilikuwa vya udongo, nami nilizoea saruji, hivyo niliomba ruhusa ya kuchora mistari kwenye kiwanja cha udongo ulioshindiliwa, na huko nilijifunza kuteleza kuufuata mpira badala ya kusimama ghafla. Magoti yangu yalinishukuru.

Safari ilikuwa rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Nilivuka mpaka wa Horohoro asubuhi, mjomba akanipokea Likoni nikalala kwake, kisha nikapanda treni ya Mombasa hadi Nairobi. Nilifika siku kadhaa kabla ya mashindano ili mapafu yazoee, na siku za mwanzo kweli nilihema baada ya mipigo michache tu.

Nilivuka mchujo. Sevu yangu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, ambayo pwani ni ya kawaida, kule ilikuwa inawakimbia wapinzani, na zile koni zilikuwa zimekaa kichwani. Katika droo kuu nilitolewa mzunguko wa kwanza na mchezaji aliyekuwa bora kuliko mimi kwa kila hali, hasa katika kurudisha sevu. Malipo ya mzunguko huo hayakufika hata nusu ya gharama zangu. Hata hivyo, mashine ilikuwa ndani ya begi, na wachezaji wenzangu walikata nyuzi kila siku. Nilisuka raketi zao usiku, chumbani, kwa bei nafuu, na fedha hiyo ndiyo iliyolipa malazi na nauli ya kurudi.

Sasa nafanya mazoezi ya kurudisha sevu kila asubuhi, nikimwomba anipigiaye asimame ndani ya uwanja ili mpira unifikie haraka kama wa Nairobi. Pia namfundisha kijana mmoja wa Chumbageni kusuka, ili wateja wa hapa wasikwame nitakapokuwa safarini tena.