Siku tano za kusubiri simu

Juzi kliniki ya IVF, yaani kutungisha mimba nje ya mwili, wametoa mayai yangu 9, leo ni siku ya 2 ya kusubiri simu yao. Daktari, mama mmoja mpole sana, alituchorea kabisa kwenye karatasi, kwamba yai likisharutubishwa hawalirudishi tumboni fasta, wanalilea kwenye inkubeta nyuzi 37 kama tumboni mpaka siku ya 5 lifike hatua ya blastosisti, yaani limeshagawanyika kuwa kifuko kidogo cha seli nyingi, ndo wanachagua kiinitete (yai lililorutubishwa linalokua) chenye nguvu wanarudisha kimoja tu maana mimba ya mapacha ina hatari zake. Vinavyobaki vinagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, vinaweza kukaa miaka.

Ila vingine havifiki siku ya 5. Hapo ndo niliposhindwa kuongea. Kwenye daladala ya Tabata mume wangu kanishika mkono tu, na mawifi washaanza kupiga simu.