Mashua yangu imelala majini

Leo ni siku ya tatu mashua imelala majini pale Masese, Jinja, Uganda, kwenye Ziwa Victoria, na kila anayepita ananipa pole. Jamani, haijazama! Nimeilaza majini makusudi, mbao zivimbe na kuziba nyufa.

Niliinunua kama kuni tu. Ilikuwa imekaa juani miaka kadhaa, mbao zimekauka mpaka kidole kinapenya kati ya ubao na ubao. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa mashua, ni mvule, mzima kabisa. Lakini huko chini, mwenyewe wa zamani alikuwa amepigilia vipande vya bati na kumwaga lami juu. Nilipobandua bati, maji yalikuwa yamejificha humo, mataruma manne, yaani mbavu za mashua, yamekuwa unga. Lami inaficha ugonjwa, haiutibu.

Mzee fundi, mtu wa Mwanza, alinikataza kujaza nyufa zote kwa pamba. "Kijana wangu, ukiikalafati kavu, yaani ukishindilia pamba kwenye nyufa kwa nguvu, mbao zikivimba zitasukumana na kung'oa misumari. Acha ziwa lifanye kazi yake kwanza." Basi tukatia pamba kiasi, tukaishusha. Siku ya kwanza tulifua maji, yaani kuyatoa mashuani, kwa ndoo mpaka mikono ikafa ganzi. Jana kopo moja lilitosha.

Tanga bado. Turubai la sokoni nimelikataa, linapasuka kwenye pindo. Shemeji ananicheka, eti siku hizi kila mtu ana injini. Sawa, ila bei ya petroli anaijua mwenyewe.

Mlingoti tunausimamisha Jumamosi. Anayejua kushona tanga, anitafute.