Simu ya dakika mbili

Kesho saa nne tuna usaili wa meneja wa operesheni. Nimerudi nyumbani na majalada matatu, yako mezani tangu nimalize kula, na sijafungua hata moja. Nawaza usaili mwingine wa meneja, wa mwaka 2018.

Wakati ule nilikuwa afisa rasilimali watu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Yule bwana aliingia akajieleza vizuri mno, bandari anaijua nje ndani, na mkurugenzi alishampenda kabla hatujafika swali la tatu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwapigia wadhamini. Wa kwanza alinithibitishia tarehe, alianza lini na aliondoka lini. Nikauliza, "Na utendaji wake?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Dada, tarehe ni hizo." Simu haikufika dakika mbili. Kwenye fomu nikaandika: hakuna tatizo.

Wiki ya tatu tangu aanze kazi, alimsimamisha karani mmoja katikati ya ofisi, akaisoma kwa sauti barua pepe ambayo karani yule alikuwa amemwandikia mteja, kosa moja moja, sote tukisikia. Kuanzia siku ile ofisi ilipoa. Mkurugenzi akafurahi, akasema sasa ndiyo watu wanafanya kazi. Mhasibu wetu, mama mtu mzima, akaanza kukaa ndani ya gari lake kila asubuhi kama dakika kumi hivi kabla ya kupanda ngazi. Nilikuwa namwona dirishani.

Kuna kontena moja la vigae, la mteja wa Kariakoo, ambalo silisahau. Ijumaa mchana kijana wetu wa nyaraka aligundua kwamba uzito ulioandikwa kwenye TANSAD, hati ya kutangazia mzigo forodhani, haulingani na ule wa kwenye hati ya shehena. Makosa ya namna hiyo yapo kila siku, na ukiyasema mapema yanarekebishwa. Hakusema. Alikaa nalo wikiendi nzima, akafika nalo Jumatano, akitafuta njia ya kulimaliza kimyakimya. Kontena likabaki bandarini, huku storeji ikihesabiwa na wenye meli nao wakidai ya kwao, kwa dola. Tulilipa sisi. Mteja akachukua mizigo yake yote akaipeleka kwa wakala mwingine. Nilipomwuliza yule kijana kwa nini hakumwambia meneja, alinitazama muda mrefu. "Dada, ungekuwa wewe ungemwambia?"

Kwenye vitabu vya hesabu hasara ile iliingia kama tozo za bandari. Watu tisa walioondoka mwaka ule, mimi mwenyewe niliwaandika kuwa wameacha kazi kwa hiari. Mmoja tu hakuondoka kimya. Alifukuzwa saa kumi jioni, hakupewa barua wala nafasi ya kujieleza, akaenda CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kama ilivyokuwa wakati ule, ilitaka fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki isipungue mshahara wa miezi 12. Weka hapo na notisi, likizo aliyokuwa anadai na kiinua mgongo. Hasira ya dakika tano ikatugharimu zaidi ya mshahara wa mwaka mzima, tukamlipa mtu ambaye tulikuwa bado tunamhitaji.

Baadaye nilisoma habari za Albert Dunlap wa Marekani. Julai 1996 kampuni ya vifaa vya nyumbani ya Sunbeam ilipotangaza kumwajiri awe mkurugenzi mkuu, hisa zake zilipanda karibu asilimia 50 kwa siku moja. Akatangaza kupunguza nusu ya wafanyakazi 12,000. Waliobaki walikuwa wanakaripiwa hadi wanatetemeka, na malengo ya mauzo hayafikiki, basi mauzo yakaanza kupikwa: majiko ya kuchomea nyama yakauzwa kwa wenye maduka kabla ya msimu wake kufika, mengine hata hayatoki ghalani, ili hesabu za mwaka zipendeze. Bodi ilimfukuza Juni 1998. Februari 2001 kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Miezi michache baadaye gazeti la New York Times likaandika kwamba wasifu wake ulikuwa umeruka kazi mbili za miaka ya 1970, na zote mbili alikuwa amefukuzwa. Wataalamu waliolipwa kumtafutia Sunbeam kiongozi hawakuwa wamegundua.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Wao angalau walifichwa. Mimi pengo lile nililisikia kwa sikio langu, yule mtu akanyamaza sekunde tatu au nne, nami nikalifunika kwa maneno mawili ya wino wa bluu kwa sababu mkurugenzi alikuwa na haraka na sikutaka kuonekana nakwamisha mambo.

Yule kijana wa nyaraka sasa yuko Tanga. Usiku huu nimemtumia ujumbe, nikamwomba radhi kwa yale ya 2018. Bado hajajibu.

Majalada haya matatu yana wadhamini, na wote ni mabosi. Kesho asubuhi, kabla ya usaili, nitawaomba waombaji hawa kila mmoja anipe namba ya mtu aliyewahi kuwa chini yake. Nikipiga na upande wa pili ukanyamaza, nitasubiri.