Jinsi nilivyozuia kugawanya kwa sifuri kwenye PHP 8

Tulipohamisha duka la mtandaoni kutoka PHP 7 kwenda PHP 8 (matoleo ya lugha ya programu), kurasa za bidhaa mpya zilikataa kufunguka. Kila ukurasa hugawanya mapato ($mapato) kwa kilo zilizouzwa ($kilo) kupata bei ya wastani, na bidhaa mpya ina kilo sifuri. PHP 7 ilipogawanya kwa sifuri kwa alama ya / ilitoa onyo na kuendelea. PHP 8 inarusha DivisionByZeroError, kosa linalosimamisha ukurasa lisiposhughulikiwa, na hata alama ya @ ya kunyamazisha maonyo hailizuii.

Kiini kilikuwa sharti la kabla ya hesabu, if ($kilo), lililopaswa kuzuia sifuri. Safu ya DECIMAL (namba za desimali) hutoka kwenye hifadhidata ya MySQL kama maandishi "0.00", nayo PHP huyachukulia kuwa kweli! Sharti linapita, hesabu inaanguka. Dawa yake:

$wastani = (float)$kilo > 0 ? $mapato / $kilo : null;

Sikuweka 0 badala ya null (yaani hakuna thamani), maana mteja angedhani bidhaa ni ya bure. Sasa ukurasa ukikuta null unaandika "Bado haijauzwa".