Nilitaka kuiuza hii kamera

Bandugu, ile Canon 600D yangu ya zamani haiuzwi tena. Nimeiwekea Magic Lantern, programu ya nyongeza ya kamera za Canon, inakaa kwenye kadi ya SD tu, programu ya Canon yenyewe haifutwi, lakini lazima iwe toleo la 1.0.2, na leo asubuhi nimesimama kando ya barabara hapa Goma nangojea chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Ule mtego wa fokasi! Lenzi unaweka MF (fokasi ya mkono), unafokasi jiwe moja la lava, unashika kitufe nusu, chukudu ikifika pale pale kamera inajipiga yenyewe, tak. Picha ya kwanza ilinasa mbuzi hahaha. Kuna pia ETTR otomatiki, kamera inajipangia mwanga yenyewe: inausukuma hadi karibu mawingu yaungue, yaani yawe meupe tupu, utarekebisha RAW (faili ghafi ya picha) kwenye kompyuta, mi bado sijaizoea. Ila skrini inajizima ukiiacha, betri inadumu, na umeme wa huku mnaujua.